Laptopu Ilipopona, Kisingizio Kikafa

Laptopu yangu ilikuwa inachukua dakika tisa kuwaka. Sikisii. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani siku moja ambayo sikuwa na kazi nyingine, kwa kuwa kazi zote zilikuwa ndani ya hiyo laptopu. Nikishabonyeza kitufe, nilipiga pasi shati, nikabandika chai, nikainywa, nikatoka kumsalimu jirani na kusikiliza habari za kuku wake wanaokufa kwa mdondo, nikatoa pole kuku kwa kuku, nikarudi ndani na kukuta kile kiduara cha kwenye skrini bado kinajizungusha kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Vitabu vyetu huiita kompyuta mpakato, na wenzetu wa Kenya huiita kipakatalishi, majina yote yakitokana na kupakata, kama unavyompakata mtoto mapajani. Aliyeyatunga hakuijua yangu. Ukiipakata robo saa, suruali inapata alama ya pasi.

Watu wa nyumbani walinihurumia. Hawakujua kwamba mimi na dakika zile tisa tulikuwa na mkataba. Shuleni kwetu mwalimu wa taaluma ni mama mmoja mwenye daftari lisilosahau. Kila muhula ukifunguliwa hupita na orodha ya wanaodaiwa azimio la kazi, na kila alipofika mezani kwangu nilikuwa na jibu lililoiva: "Liko kwenye laptopu, Madam. Bado inawaka." Nafundisha Kiswahili, najua sentensi fupi inavyoweza kubeba mzigo mkubwa. Ile ilibeba mihula.

Mkataba ulivunjwa na mpwa wangu. Anasoma chuo, na likizo yake huja kuimalizia kwetu pamoja na sukari. Siku ya kwanza tu aliinamisha sikio juu ya kibodi kama mganga anayesikiliza kifua.

"Mjomba, hii siyo mbovu. Unasikia hiyo krrr? Ni diski ya kuzunguka. Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachopapasa juu yake kutafuta faili. Ni santuri hii, mjomba. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Ukiweka hiyo, inawaka chini ya nusu dakika."

Nilishtuka kama mgonjwa wa kujisingizia anapoambiwa daktari bingwa ameshafika. Nikamwambia mtoto wa dada kwamba vitu vya zamani vina heshima yake. Lakini mke wangu alikuwa hapo hapo anachambua mchele.

"Mwekee mjomba wako hiyo kitu," alisema bila kuinua kichwa. "Nataka nione kitakachofuata kuchelewa ni nini."

Basi Jumamosi asubuhi nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Kijana wa dukani alinipokea kwa bashasha, akaniita mzee wangu, na nilipomtajia SSD akaniuliza swali moja tu.

"Sata?"

Katika kelele za mtaa ule mimi nilisikia "sita". Nikamjibu kwa upole kwamba hapana, moja inatosha. Akanitazama kidogo, akafikiri labda mzee anajua anachokitaka, akanipa kitu kidogo, chembamba kama bigijii. Nikalipa. Risiti ilikuwa na muhuri mkubwa kuliko diski yenyewe: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nyumbani mpwa alipofungua kile kiboksi alikaa kimya, na kimya cha kijana wa chuo ni matusi. Kumbe nilichoulizwa hakikuwa idadi. SATA ni aina ya plagi. Laptopu yangu ilitaka diski ya SATA ya inchi mbili na nusu, yenye umbo lilelile la ile ya zamani. Hiki kibigijii kilikuwa cha aina ya M.2, na kwenye mashine yangu hakina hata tundu. Nikarudi Kariakoo. Muhuri ule, ilionekana, unaweza kufutika kwa Sh 10,000 ya usumbufu. Usumbufu wa nani, hakueleza.

Mpwa aliichomeka diski mpya kwenye laptopu yake kwa waya maalumu ili aipime. Imeandikwa GB 240, ikasoma 223. Mke wangu akasema nimepunjwa, na mimi nilikuwa nimeshavaa viatu kwa safari ya tatu. Mpwa akanizuia mlangoni. Kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni moja kamili, lakini Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824. Diski ni ileile, mizani ndiyo miwili. Sisi tuliozoea lumbesa, gunia linalouzwa kama moja huku limevimba kichwani, tulikuwa tumekutana na gunia lililonyolewa, na hakuna aliyetenda dhambi.

Jioni mpwa alikuwa na mechi. "Usianze bila mimi, mjomba," aliniambia akifunga kamba za viatu. Alipofika getini akageuka: "Na ukianza, toa betri kwanza." Ile "na ukianza" ndiyo iliyoniponza. Mwalimu yeyote angemwambia kwamba usimwekee mwanafunzi mlango wa nyuma kisha ukategemea atapita wa mbele.

Nilitandika kitambaa mezani, nikachukua bisibisi ya nyota, nikatafuta video ya mzungu mmoja mwenye vidole vyembamba aliyefungua laptopu kama hiyo kwa dakika nne. Nilitoa parafujo kumi na moja, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta, nikaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mfuniko wa laptopu haukutikisika. Nikavuta. Ukalia kha! Nikasimamisha video, nikairudisha nyuma, nikagundua kwamba mzungu alikuwa ametoa parafujo ya kumi na mbili, iliyojificha chini ya kimguu cha mpira. Hiyo nayo nikaitoa. Pembeni kulihitaji kitu chembamba cha kubandulia. Nikatumia kadi ya benki. Ikavunjika, lakini salio lake halikustahili mazishi makubwa.

Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, sisimizi waliokauka, na punje moja ya wali ambayo sikumbuki nilikula sikukuu gani. Feni ilikuwa imevaa koti la sufi. Nikaelewa ule moto wa mapajani.

Kisha nikakumbuka agizo: toa betri kwanza. Nikatoa ile kubwa, ambayo ilikuwa imeshakufa siku nyingi na kubaki uzito tu. Laptopu yangu haikuishi hata sekunde moja bila waya wa umeme. Lakini ndani nikaona betri nyingine, ya duara, kama shilingi. Mtu mwenye adabu hutii agizo lote. Nikaitoa na yenyewe, nikaiweka kwenye kifuniko pamoja na parafujo.

Kubadilisha diski yenyewe kulichukua dakika mbili. Unaisukuma ya zamani kando, inachomoka. Unaisukuma mpya, inaingia ikalia tak. Baada ya taabu yote ile nilijisikia kama mtu aliyevaa suti kwenda kwenye harusi akakuta ni kikao cha kamati. Nikageuka kuchukua parafujo. Meza ilikuwa safi. Mke wangu alikuwa ameandaa chai.

Parafujo tisa tulizipata. Mbili zilikuwa kwenye kikombe, moja kwenye sinki. Lakini kile kibetri cha duara alidhani ni betri ya saa iliyokufa, akakitupa, na gari la taka likawa limeshapita. Hakukosea sana. Mpwa aliporudi alitueleza kwamba kweli ni betri ya saa: ndiyo inayoiwezesha kompyuta ikumbuke tarehe ikiwa imezimwa. Tukaiwasha hivyo hivyo. Skrini nyeusi ikatuambia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2012, na kama tunakubali tubonyeze F1.

Nilikaribia kukubali. Mwaka 2012 nilikuwa na nywele, sikuwa na mkopo, na Kikwete alikuwa bado Rais.

Ikabaki kupiga Windows. Ndivyo mafundi wetu wanavyosema, nami kama mwalimu wa lugha nawavulia kofia, kwa maana kitenzi "piga" hakijawahi kukataa kazi: tunapiga pasi, deki, simu, picha, mswaki, na kompyuta ikichanganyikiwa tunaipiga Windows mpaka akili imrudie mwenyewe. Ila mpwa alikuwa na habari mbaya. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiingii ndani ya nyumba bila kuona chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Laptopu yangu ilizaliwa kabla ya wasiwasi huo.

"Tuweke Ubuntu, mjomba. Ni bure."

Jina hilo likaniamsha. Nikaweka kikombe chini na kumweleza kwamba neno lile ni la Kizulu na Kixhosa, kwamba shina lake -ntu ndilo -tu letu katika mtu na watu, kwa hiyo alichokuwa anataka kuiwekea laptopu yangu, kwa Kiswahili sanifu, ni utu. Ubuntu ya kwanza ilitoka Oktoba 2004. Desemba ya mwaka huohuo, nikaendelea, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati yeye alikuwa bado ananyonya. Mpwa alisikiliza kwa heshima huku akipakua. Faili lenyewe lina karibu GB 6. Lilikula bando langu lote, na bando nilikuwa nimelinunua kwa fedha yote iliyokuwamo kwenye simu. Kumbuka hilo, litarudi.

Akaliandika kwenye flashi, akaichomeka, akaniambia nikiwasha nibonyeze F12 haraka ili laptopu ianzie kwenye flashi. Haraka hiyo ilikuwa ni sekunde mbili hivi. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili niliwahi, kumbe nimebonyeza F11. Mara ya tatu nilipiga F12 kwa vidole viwili kama mpiga zumari aliyeona bwana harusi anaingia, na orodha ikatokea.

Ubuntu ina tabia ya muuza machungwa: inakuruhusu uonje kwanza. Tukaonja, tukaipenda, tukabofya kuiweka. Likaja swali la kufuta diski yote. Mkono ulitetemeka, ingawa nilijua diski ni mpya, haina hata alama ya kidole. Kwa jioni yote ile sikumbuki nimefanya jambo la ujasiri kuliko kubofya "ndiyo" pale.

Mstari ukaanza kutembea. Ilipofika kama nusu, nyumba nzima ikawa giza. Feni ikapumua pumzi ya mwisho. Nikachungulia dirishani, taa za majirani zilikuwa zinawaka, na hiyo ndiyo ishara mbaya kuliko zote. Taa za majirani zikiwaka, siyo mgawo. Ni wewe. LUKU imeisha.

"Mwezi huu umeme ni zamu ya nani?" mke wangu aliuliza kutoka gizani, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu.

Fedha ya simu ilikuwa imeliwa na bando, na kadi ya benki ilikuwa vipande viwili. Nikakopa kwa mke wangu, akanunua yeye, kisha tukaenda kwenye mita. Tokeni ina tarakimu 20. Alinisomea kwa mwanga wa tochi ya simu, nne nne, nami nikibonyeza. Nikakosea ya kumi na saba. Tukaanza upya. Nikaruka ya tisa.

"Imla hii ungekuwa unawapa wanafunzi wako," alisema, "ungeshamwita mzazi."

Umeme uliporudi, laptopu ilituomba kwanza tukubali kwamba ni Januari 2012, kisha ikakiri kwamba haikumbuki lolote tulilokuwa tumeifanyia. Tukaanza mwanzo: F1, F12, kuonja, kufuta, ndiyo. Saa tano na ushei usiku ikamaliza. Nikatafuta Wi-Fi. Hakuna.

"Wi-Fi haina dereva, mjomba."

Nikamuuliza kama konda yupo. Hakucheka, alikuwa amechoka. Akanieleza kwamba dereva ni programu ndogo inayoiendesha kadi ya Wi-Fi, kwamba ya kadi yangu haikuja pamoja na Ubuntu, na kwamba inapatikana kwenye intaneti. Kwa hiyo dawa ya Wi-Fi ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja la kufikia dawa lilikuwa Wi-Fi. Nikakaa chini. Mpwa akachukua waya wa kuchajia simu yake, akaichomeka simu kwenye laptopu, akawasha intaneti ya waya, na dereva akapanda ndani ya dakika chache, kwa bando la mwanafunzi. Intaneti ilipofika, Ubuntu ikajisahihisha saa na tarehe yenyewe. Huo nao ni utu.

Kisha akaniambia niizime na niiwashe, nihesabu.

Sekunde 19. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka kwenda kubandika chai, na sikuwa nimenyoosha hata magoti. Nikairudia, nikiomba iwe ni bahati. Sekunde 19. Mke wangu na mpwa walipiga makofi. Mimi nilitazama ile skrini angavu, tayari, isiyo na hata kiduara kimoja, nikajisikia kama mchezaji aliyezoea benchi anaposikia jina lake.

Nilikuwa na tumaini moja la mwisho, nalo sikumwambia mtu. Huenda mafaili ya diski ya zamani yamepotea. Hilo lingenipa mwaka mzima. Lakini mpwa alichukua ule waya wake maalumu, akaichomeka diski ya zamani kama flashi, na kila kitu kikajitokeza kwa utii: picha za harusi, matokeo ya mitihani, barua ya kuomba uhamisho ambayo sikuituma. Na faili linaloitwa "Azimio la kazi".

"Si ndilo hili Madam wako analolidai?" mke wangu aliuliza. Mpwa akalibofya kabla sijapata neno. Zamani lingefunguka taratibu na ningekuwa nimeshabadilisha mazungumzo. Safari hii lilifunguka palepale. Juu: AZIMIO LA KAZI, kwa herufi nzito, limepigiwa mstari. Chini yake jina langu, somo, kidato. Chini yake weupe, ukurasa mzima, na kile kijiti kinachokonyeza.

Hakuna aliyesema kitu. Mpwa alikohoa akaenda kulala. Mke wangu alichukua vikombe. "Kumbe ilikuwa inawaka," alisema, akaondoka.

Nami nikabaki na ukweli ambao sahani za kuzunguka zilikuwa zimeufunika miaka yote. Zile dakika tisa nilikuwa nazitumia kujiandaa kufanya kazi, na ilipowaka nilikuwa nimeshachoka kujiandaa. Chai niliyokunywa, shati nililopiga pasi, kuku wa jirani niliowalilia, vyote viliingia kwenye hesabu ya kazi. Sasa mashine ilikuwa mbele yangu, macho makavu, inangoja, na aliyebaki kuwaka nilikuwa mimi. Jumapili yote niliuandama ule ukurasa. Nikalaumu kiti. Nikalaumu mwanga. Saa kumi nilikwenda kwa jirani kuulizia kuku, wote wamepona.

Jumatatu niliibeba laptopu shuleni ili angalau ionekane. Mwalimu wa taaluma alinikuta ofisi ya walimu naiwasha, na daftari lake likiwa kwapani.

"Mwalimu. Imewaka?"

Ofisi nzima ikageuka. Kwenye skrini, kwa kuwa ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu nyumbani na kibetri chake kilikuwa jalalani, palikuwa na yale maandishi meupe juu ya weusi. Nikaona mlango mmoja mdogo umebaki wazi, nikaupita.

"Imewaka, Madam," nikasema, nikimgeuzia skrini. "Ila tatizo ni hili: kwake yeye bado ni tarehe 1 Januari 2012. Shule hazijafunguliwa."

Aliisogelea, akavaa miwani, akaisoma tarehe ile kwa makini. Kisha akafungua daftari, akarudisha kurasa nyuma, nyuma, nyuma zaidi, akasimamisha kidole.

"Vizuri," alisema. "Basi anza na la 2012. Nalo hukuleta."